Gavana wetu ni mama: lakini ni nani waliompigia kura?

Tunaanza na ulizo moja. Kutoka Manika mpaka Dilala, kutoka Fungurume mpaka Dilolo, hakuna asiyejua kwamba jimbo letu la Lualaba linaongozwa na mwanamke, mama Fifi Masuka Saini. Picha yake iko barabarani na jina lake liko redioni. Lakini ukisimama sokoni na kuuliza wamama wanaouza unga na samaki: nani kati yenu alimpigia kura ya ugavana? Jibu la kweli ni moja tu: hakuna hata mmoja.

Hapo hakuna wizi wala siri. Ni sheria ya inchi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba gavana na makamu wake wanachaguliwa na wabunge wa jimbo, wale tunaowaita wadepite wa provense. Sisi wananchi tunachagua wabunge hao, nao wanaingia katika ukumbi wao na kumchagua gavana. Kura yetu inapita mikononi mwa watu wachache wanaoenea katika ukumbi mmoja.

Ndiyo maana safari ya kisiasa ya mama Masuka inatupatia somo ambalo kila kikundi cha wamama kinapaswa kulijua. Jarida hili halimfanyii mtu kampeni, wala halimpigi mtu vita. Tunataka tu kuonyesha mahali ambapo nguvu ya jimbo inakaa, ili siku ya kura tusiitupe kwa kitenge kimoja.

Jimbo jipya, ukumbi mpya

Wenye umri wanakumbuka kwamba zamani mambo yetu yote yaliamuliwa Lubumbashi. Kolwezi ilikuwa mji wa Katanga kubwa, na wabunge wetu walipaswa kusafiri kilometa zaidi ya 300 kwenda kukaa katika bunge la jimbo. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Tanganyika na Lualaba. Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo lenye mji wetu pamoja na territware tano: Mutshatsha, Lubudi, Dilolo, Sandoa na Kapanga.

Kwanza Kinshasa ilimtuma Richard Muyej, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, kuwa komiseri wa pekee. Mwezi wa 3 mwaka 2016 wabunge wa jimbo walimchagua kuwa gavana. Uchaguzi mkuu ukafanyika mwisho wa mwaka 2018, wabunge wapya wakaingia, na mwezi wa 4 mwaka 2019 wakamchagua Muyej tena. Safari hii aliyesimama kando yake kama makamu alikuwa mama Fifi Masuka.

Angalieni jambo hili vizuri. Gavana na makamu wanasimama pamoja, na wabunge wanawapigia kura pamoja. Watu wengi wanaona umakamu ni kiti cha kupamba tu, hasa kikikaliwa na mwanamke. Kumbe siku gavana anapoondoka au anapozuiwa, makamu ndiye anayeshika usukani.

Kura za ukumbi mmoja

Siku hiyo ilifika mwezi wa 9 mwaka 2021. Wabunge wa jimbo walipiga kura dhidi ya gavana Muyej, wakimlaumu kwa namna alivyosimamia mambo ya jimbo. Yeye alikataa lawama hizo. Mambo yakafika mbele ya mahakama na ofisi kubwa za Kinshasa, na mabishano yakachukua miezi mingi. Lakini huku Kolwezi aliyekuwa anatia sahihi kwenye karatasi za jimbo alikuwa makamu wake. Mama Masuka akawa gavana wa muda.

  Kisha ukaja uchaguzi mkuu wa tarehe 20 Desemba 2023, tukachagua bunge jipya la jimbo, na tarehe 29 Aprili 2024 bunge hilo likamchagua mama Masuka kuwa gavana.

Hesabuni: mwaka 2019 akiwa makamu, mwaka 2024 akiwa gavana. Kila mara mlango ulifunguliwa na ukumbi ule ule. Na mwaka 2021, ukumbi ule ule ulimfungia mlango mtu mwingine. Wabunge wanaweza kumpandisha mtu, na wanaweza kumshusha.

Hata Kinshasa tuliona hivyo. Mama Jeannine Mabunda alichaguliwa tarehe 24 Aprili 2019 kuwa mkubwa wa Bunge la taifa, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho. Tarehe 10 Desemba 2020 wabunge walimwondoa kwa kura 281 dhidi ya 200. Mwanamke akifika juu kwa kura za ukumbi, anabaki juu kwa kura za ukumbi. Kwa hiyo kazi yetu haiishii kufurahi kwamba mama mwenzetu amepata kiti. Lazima tujue waliokaa katika ukumbi ni akina nani.

Nguvu hii si ya leo

Wazazi wetu wanajua kwamba bunge la jimbo liliwahi kubadilisha maisha ya watu wote hapa. Mwaka 1960, wakati wa uhuru, bunge la Katanga lililokaa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ndilo lililomweka Moïse Tshombe kuwa mkubwa wa serikali ya jimbo. Tarehe 11 Julai 1960 akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Vita vilivyofuata vilidumu mpaka mwanzo wa mwaka 1963, na mji wetu wa Kolwezi ulikuwa kimbilio lake la mwisho kabla ya kuacha.

Katika uchaguzi ule wa 1960 wanaume peke yao walipiga kura. Mama zetu na bibi zetu walifiwa, walikimbia, walificha watoto, lakini hakuna aliyewauliza. Wanawake wa Kongo walipata haki ya kura kwa katiba ya mwaka 1967. Mwaka mmoja kabla, 1966, Sophie Kanza alikuwa amekuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika inchi yetu. Basi haki hii ya kuchagua wabunge ina umri mdogo kuliko mamamkubwa wengi walio katika vikundi vyetu. Si kitu cha kuchezea.

Mbunge wa jimbo anafanya kazi gani?

Wengi wetu tunamjua mbunge kwa vitu viwili: siku ya kampeni akileta trikoti na chumvi, na siku ya matanga akileta sanduku. Mtu akisaidia wenye kilio anafanya vizuri, lakini jirani pia anasaidia. Kazi aliyotumwa kufanya ni nyingine, na ni hizi:

Kwanza, anatunga sheria za jimbo. Katiba inayapatia majimbo mambo yao wenyewe: barabara za jimbo, masomo ya mashikio, ya msingi na ya sekondari kwa kufuata kanuni za taifa, usafi na mambo ya afya, taksi za jimbo. Barabara yenye vumbi mnayopita na mtoto mgongoni, lori la shaba likiwapita mbio, inaweza kuwa jambo la ukumbi huo.

Pili, anapiga kura juu ya bajeti ya jimbo. Hakuna pesa ya jimbo inayopaswa kutoka bila ukumbi kukubali. Kikao cha bajeti ni kile kinachoanza mwezi wa 9.

Tatu, anamchunguza gavana na mawaziri wake. Anaweza kuwauliza maulizo, kuwaita wajieleze, kutuma tume ya uchunguzi, hata kupiga kura ya kuwaondoa.

Ine, anachagua gavana, na anachagua maseneta wanaotuwakilisha Kinshasa. Hapa ndipo harufu mbaya ya pesa imesikika mara nyingi. Mwezi wa 3 mwaka 2019, baada ya wabunge wa majimbo kuchagua maseneta, malalamiko ya rushwa yalikuwa mengi mpaka Raisi Félix Tshisekedi akasimamisha kwa muda kuingia kwa maseneta wapya. Kama mbunge alinunua kura yako kwa kitenge, yeye naye atataka kurudisha pesa yake. Na atairudisha kwa kuuza kura yake kwa yule anayetaka ugavana au useneta. Mnyororo ule unaanzia mlangoni kwako.

Pesa ya shaba inapita wapi

Pengine mama fulani atasema: mimi nauza mandazi, bajeti ya jimbo inanihusu nini? Basi tufanye hesabu kama tunavyofanya katika likelemba.

Kodi ya migodi ya mwaka 2018 inaamuru kampuni ilipe sehemu ya thamani ya madini inayouza. Kwa shaba ni 3.5%. Kwa kobalti, ambayo mwisho wa mwaka 2018 serikali iliiweka katika madini ya pekee, ni 10%. Malipo hayo yanagawanywa hivi: 50% inaenda kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa komini, sekta au usultani ambako mgodi uko, na 10% inawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo.

Tuchukue mfano. Kampuni ikiuza shaba ya dola 1,000,000, malipo yake ni dola 35,000. Kinshasa inapata 17,500. Jimbo linapata 8,750. Komini au sekta inapata 5,250. Mfuko wa vizazi unapata 3,500. Kama ni kobalti ya dola 1,000,000, malipo ni dola 100,000, na jimbo peke yake linapata 25,000. Sasa waza ni lori ngapi zinazotoka hapa kwetu kila siku kuelekea Kasumbalesa. Huo ndio mfuko ambao wabunge wa jimbo wanaketi juu yake na kuamua: maternite au magari? Maji au misafara?

Tena sheria ile inadai kampuni itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji na mitaa iliyo karibu na mgodi, na iandikiane mapatano na wenyeji juu ya kazi itakayofanya. Mama anayekaa karibu na mgodi ana haki ya kuuliza: mapatano yetu yako wapi, na mwaka huu yametujengea nini?

Hatuhitaji kukumbushana kwa nini maulizo haya ni makali. Mwaka 2014 watu wa Kasulo waligundua kobalti chini ya nyumba zao, na uwanja wa nyumba ukawa mashimo. Miaka mitatu baadaye familia nyingi zikahamishwa. Tarehe 27 Juni 2019 ardhi iliporomoka katika eneo la KCC, na wachimbaji wa mikono zaidi ya 40 wakafa. Kila mmoja alikuwa na mama. Tunapozungumza juu ya nani anaketi katika bunge la jimbo, tunazungumza juu ya watoto hao.

Kwa nini wamama ni wachache katika ukumbi

Gavana wetu ni mwanamke, na tangu mwezi wa 4 mwaka 2024 waziri mkuu wa kwanza mwanamke, mama Judith Suminwa, aliteuliwa Kinshasa. Mtu anaweza kuwaza kwamba mambo yamekwisha. Bado. Katika Bunge la taifa, kati ya wabunge 100 wanawake hawafiki 15. Fungu la 14 la katiba linasema juu ya usawa wa wanaume na wanawake katika uongozi, na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ilikuja kulikazia. Karatasi iko, viti havijajaa.

Sababu ni kadhaa. Ya kwanza ni pesa. Mtu anayetaka kuwa mgombea analipa dhamana kwa CENI, kisha anatafuta pesa ya mabango, mafuta ya gari na mashahidi wa kukaa katika kila ofisi ya kura. Mwaka 2022 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa: orodha yenye wanawake angalau nusu inasamehewa dhamana. Huo ni mlango mzuri, lakini vyama vingine vinaandika majina ya wamama ili wasilipe tu, kisha vinawaacha peke yao bila hata bango moja.

Ya pili ni chama. Katika uchaguzi wa jimbo haitoshi wewe mwenyewe kupendwa. Chama chako au muungano wako lazima ufikishe 3% ya kura, la sivyo kura zako zinaanguka pamoja nacho. Mama aliyependwa mtaa mzima anaweza kubaki nje kwa sababu alipanda katika mtumbwi unaovuja.

Ya tatu ni kiti cha mbadala. Kila mgombea anaandika majina ya watu wa kumpokea kama ataitwa katika kazi nyingine ya serikali. Mara nyingi anaandika mke, mtoto au ndugu. Wapo wanawake walioanza hivyo na wakafanya kazi nzuri. Lakini wapo walioketi wakisubiri kuambiwa nyumbani wapige kura namna gani. Kikundi cha wamama kinapaswa kusoma jina la mbadala kabla ya kura, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuwa mbunge wenu miaka mitano.

Ya ine ni maneno. Mwanamume akitoka katika mkutano saa tatu usiku, ni mwanasiasa. Mwanamke akitoka saa ile ile, mtaa unamsema. Hapo hakuna sheria itakayotusaidia. Sisi wenyewe ndio tunaosema, na sisi wenyewe ndio tunaoweza kunyamaza.

Tufanye nini katika vikundi vyetu

Hatungoji uchaguzi ujao ili kuanza. Mambo manne yanaweza kufanyika mwezi huu huu.

Moja: katika mkutano wa kikundi, andikeni majina ya wabunge wa jimbo waliochaguliwa katika mji au territware yenu. Mkikuta hakuna anayewajua, mmekwisha pata kazi ya kwanza.

Mbili: mkaribisheni mmoja wao, bila kudai bahasha wala kinywaji. Mwulizeni maulizo matatu tu: Ulipiga kura gani juu ya bajeti ya mwaka huu? Sehemu ya jimbo ya pesa ya migodi imefanya nini katika mtaa wetu? Ulimchagua gavana kwa sababu gani? Atakayejibu vizuri, mpigieni makofi. Atakayekasirika, amekwisha jibu.

Tatu: tumieni fungu la 27 la katiba. Linasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia wenye mamlaka ombi lake, nao wanapaswa kujibu katika miezi mitatu, na hakuna anayepaswa kuadhibiwa kwa ajili ya kuandika. Mama asiyejua kusoma anaweza kuweka alama ya kidole. Andikeni jambo moja lililo wazi, kama kisima cha mtaa au kitanda cha maternite, bakini na kopi yenye muhuri wa mapokezi, na andikeni tarehe.

Ine: kama kati yenu kuna mama anayejua kuongea, kuhesabu na kusimama, msimwache peke yake mpaka siku ya kampeni. Aanzie katika kamati ya wazazi shuleni na kamati ya soko, ajifunze kusoma bajeti na kusimama mbele ya watu. Chagueni pamoja naye chama chenye mizizi, na wekeni kando pesa ya mashahidi kidogo kidogo, kama mnavyoweka ya likelemba. Wazee wetu wanasema kidole kimoja hakiui chawa.

Katika uchaguzi wa 2023, CENI ilifuta kura za wagombea 82 kwa sababu ya wizi wa kura, rushwa na fujo. Watu wale walipata wapiga kura wa kuwanunua. Kila kura iliyouzwa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa jirani ya mtu.

Kuhusu mama Masuka, yeye atapimwa kwa kazi yake kama gavana mwingine yeyote, wala asisamehewe kwa sababu ni mwanamke, wala asihukumiwe mara mbili kwa sababu hiyo. Katiba inampatia gavana mihula miwili ya miaka mitano na si zaidi. Siku moja kiti kitakuwa wazi tena, na watu wachache wataingia katika ukumbi, mlango utafungwa, na jina la gavana mpya litatoka. Wakati ule sisi tutakuwa nje, sokoni na shambani. Kura yetu itakuwa imekwisha pigwa zamani, siku tuliyochagua nani aingie ndani.